Feni ya Rejeta Isiyozima na Namna ya Kutafuta Chanzo Chake

Feni ya umeme inayopoza rejeta haikuundwa ifanye kazi muda wote. Katika gari dogo la petroli, huitwa kazini pale tu upepo wa mwendo usipotosha: gari likiwa limesimama na injini inaunguruma, likipanda mlima polepole, au likiwa na mzigo mzito. Kwa magari mengi huwaka maji ya injini yanapofika kati ya nyuzi 90 na 100 za sentigredi, kisha huzima yakishuka nyuzi chache. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami ya Makutano kuelekea Butiama, mkoani Mara, hupata upepo wa kutosha kupitia matundu ya mbele, na feni yake inatakiwa iwe imepumzika kwa sehemu kubwa ya safari. Feni inayozunguka tangu ufunguo unapofunguliwa hadi unapofungwa, au inayoendelea hata mwenye gari akiwa amekwenda kulala, ina sababu mojawapo kati ya tatu. Ama injini ina joto kweli, ama mfumo wa umeme una hitilafu au unaamini kuwa ina joto wakati haina, ama kuna mtu aliyewahi kuiunganisha feni hiyo moja kwa moja kwenye betri.

Sababu hiyo ya tatu ndiyo inayopaswa kufikiriwa mapema katika mazingira kama ya Buhemba. Magari yanayobeba abiria na mizigo kati ya Musoma, Bunda, Butiama na machimbo ya dhahabu ya Buhemba, Probox na Noah zikiwamo, yamefika nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na tangu yafike yamepita mikononi mwa mafundi wengi. Yanapita kwenye vumbi la barabara za changarawe na vumbi jeupe la mawe yanayosagwa kwenye makarasha. Yanajazwa maji ya kisima, ya bwawa, hata ya ziwani. Kila tatizo lililowahi kutatuliwa njiani kwa haraka limeacha alama yake, na mara nyingi feni isiyozima ni mojawapo ya alama hizo.

Tatizo hili halifai kuachwa kwa hoja kwamba bora feni izunguke kuliko izime. Mota ya feni ya gari dogo hula umeme wa ampea 10 hadi 20. Injini ikiwa imezimwa, betri ndogo ya saa-ampea 45 itamalizwa na mzigo huo kabla ya usiku wa manane. Injini ikiwa inafanya kazi, mzigo huo hubebwa na alteneta saa zote, na kaboni za mota ya feni huisha mapema. Lakini hasara kubwa ni nyingine: feni isiyozima huficha dalili. Dereva aliyezoea kusikia feni ikiwaka na kuzima hutambua mara moja mambo yanapobadilika. Aliyezoea mngurumo wa kudumu hana namna ya kujua kama leo rejeta imeziba nusu au maji yamepungua, mpaka siku gari linapochemsha na gasketi ya silinda hedi kuungua.

Kabla ya kufungua chochote, ni lazima kuthibitisha kama kuna ubovu wenyewe. Kiyoyozi kikiwashwa, magari mengi huwasha feni papo hapo na kuiacha izunguke ili kupoza kondensa iliyo mbele ya rejeta, hata kama maji ya injini bado ni baridi. Kitufe cha kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele nacho, katika magari mengi, huwasha kompresa ya kiyoyozi bila taa ya AC kuonekana, na wapo wenye magari waliohangaika kwa mafundi kwa sababu ya kitufe hicho tu. Baadhi ya magari ya Ulaya, hasa ya Ujerumani, huendelea kuzungusha feni kwa dakika kadhaa baada ya injini kuzimwa, kisha hunyamaza yenyewe. Huo ni mpango wa kiwandani. Na mchomoko, yaani gari dogo la abiria, uliojaza watu na magunia, ukipanda kwa gia ya kwanza wakati wa jua la saa nane, una haki ya kuzungusha feni bila kupumzika. Feni hiyo inafanya kazi yake.

Kipimo kinachotenganisha mambo haya hufanyika alfajiri, na hakihitaji kifaa chochote. Gari likiwa limelala usiku kucha na injini imepoa kabisa, kiyoyozi na kipuliza hewa cha ndani huzimwa, kisha ufunguo hufunguliwa bila kuwasha injini. Feni ikianza kuzunguka hapo hapo, maji hayahusiki, kwa kuwa hayajapata moto. Ubovu utafutwe kwenye umeme. Feni ikitulia, injini iwashwe na kuachwa ipate moto. Ikianza kuzunguka ndani ya dakika moja au mbili, bado lawama ni ya umeme. Ikisubiri mpaka injini ipate moto wake wa kawaida, ikawaka na kutozima tena, njia ya kufuata ni ya mfumo wa kupoza: maji, rejeta, themostati na ndugu zao. Fundi anayeruka hatua hii huishia kubadilisha vipuri kwa kubahatisha, na gharama ya kubahatisha huko humwangukia mwenye gari.

Tahadhari moja lazima itangulie yote yanayofuata. Feni ya umeme yenye hitilafu inaweza kuanza kuzunguka wakati wowote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kabla ya kuingiza mkono karibu na mapanga yake, waya wa hasi wa betri hutolewa. Mfuniko wa rejeta nao haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Kwenye usawa wa Ziwa Victoria, mita 1,134 hivi juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 96, na Buhemba iko juu zaidi ya hapo. Mfuniko mzima wenye alama ya 1.1 huongeza shinikizo kiasi kwamba maji yale yale hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Ukifunguliwa ghafla, maji yaliyokuwa yametulia kwa nyuzi 105 hugeuka mvuke kwa mara moja na kumrukia usoni aliyeufungua.

Upande wa umeme, uchunguzi huanza kwenye relei ya feni. Hii ni swichi inayotumia umeme mdogo kufungulia umeme mkubwa wa mota, na hukaa kwenye boksi la fyuzi ndani ya boneti, mara nyingi ikiwa imeonyeshwa kwenye mchoro wa mfuniko wa boksi hilo. Feni ikiwa inazunguka, relei ichomolewe. Feni ikiendelea kuzunguka bila relei, jibu limepatikana: umeme unaingia kwa njia nyingine. Waya umeungana na waya wenye pozi, au feni imepigwa dairekti, yaani imeungwa moja kwa moja. Dairekti huonekana kwa macho: waya usiofanana rangi na wenzake, uliofungwa tepu nyeusi, ukitoka kwenye soketi ya feni kwenda betri au swichi ya ufunguo, mara nyingi bila fyuzi.

Dairekti ina mahali pake. Gari lililozimikiwa feni porini kati ya Buhemba na barabara kuu linaweza kufikishwa mjini kwa njia hiyo, na fundi aliyefanya hivyo ameokoa injini. Kosa ni kuiacha iwe matengenezo ya kudumu. Umeme wa ampea 15 ukipitishwa kwenye swichi ya ufunguo ambayo haikuundwa kuubeba, swichi huungua polepole, na waya usio na fyuzi ukichubuka kwenye bati la gari huweza kuwasha moto. Njia ya kurekebisha ni kurudisha waya wa kiwandani, kuweka relei na fyuzi ya kipimo kilichoandikwa kwenye boksi, kisha kutafuta kwa nini feni ilikataa kuwaka siku ile. Ubovu wa awali bado umo ndani ya gari ukisubiri, na ndio ulioleta dairekti.

Relei ikichomolewa na feni ikasimama, kuna mawili: relei yenyewe imeganda, au inaamriwa. Vidole vya relei vinavyogusana huweza kuungana kwa joto na kushindwa kuachana, na kwa kawaida hilo ndilo linalofanya feni izunguke hata ufunguo ukiwa umetolewa. Kwenye boksi lile lile mara nyingi ipo relei nyingine inayofanana, kwa mfano ya honi. Kama namba zilizoandikwa juu yake ni zile zile, hubadilishwa nafasi kwa muda. Feni ikirudi kwenye utaratibu, inunuliwe relei mpya. Ni kipuri cha bei ndogo, na ni vyema kianze kuthibitishwa kabla ya kugusa vya bei kubwa.

Relei nzima inayoamriwa kuwaka humpeleka fundi kwenye sensa, na hapa magari yamegawanyika kwa umri. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, Corolla na Corona zikiwamo, feni haikutegemea kompyuta. Palikuwa na swichi ya joto iliyofungwa kwenye njia ya maji, na mpangilio wake ni kinyume cha watu wanavyodhani. Swichi hiyo hupitisha umeme injini ikiwa baridi, na umeme huo ndio unaoishikilia relei ili feni isizunguke. Maji yakifika karibu nyuzi 93 swichi hukata, relei huachia, na feni huwaka. Wahandisi walikusudia hivyo: waya ukikatika, feni izunguke, injini isiungue. Kwa hiyo katika magari hayo soketi iliyochomoka, waya uliotafunwa na panya, au eathi iliyoshika kutu hufanya feni izunguke tangu alfajiri. Kipimo chake ni chepesi: soketi ya swichi huchomolewa na matundu yake kuunganishwa kwa kipande cha waya. Feni ikizima, nyaya ni nzima na swichi ndiyo mbovu. Katika baadhi ya magari hayo swichi ya shinikizo la kiyoyozi imo kwenye mkondo huo huo, na kwa sababu hiyo gari lililong'olewa kiyoyozi kilichokufa zamani, soketi zikaachwa zikining'inia, linaweza kuzungusha feni maisha yake yote. Magari ya kampuni nyingine ya wakati huo yana swichi ya mpangilio wa kawaida, inayounga joto likipanda. Kwa hayo, kuchomoa soketi huzima feni kama swichi imeganda.

Magari ya baadaye, kama Probox na IST, huachia kazi hiyo kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inayopata taarifa kutoka sensa ya joto la maji. Sensa hii ni kipande ambacho ukinzani wake hupungua joto linapoongezeka. Kwa sensa za Toyota za aina iliyozoeleka, mita ya fundi husoma kati ya omu 2,000 na 3,000 maji yakiwa nyuzi 20, na kati ya omu 200 na 400 yakiwa nyuzi 80. Ikisoma karibu na sifuri, kompyuta huamini injini inaungua. Isiposoma kitu kabisa, kompyuta huona baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, jambo lisilowezekana mkoani Mara, na hutambua kuwa sensa imekufa. Hapo magari mengi, Nissan zikiwamo, huwasha feni moja kwa moja kwa tahadhari. Kwa sababu hiyo kuchomoa soketi ya sensa ili kuona kama feni itazima ni kipimo kinachodanganya: feni huwaka sensa ikiwa mbovu, na huwaka pia ikiwa imechomolewa.

Ipo njia bora zaidi, na gharama yake ni ndogo. Kwa fundi redio yeyote hupatikana kipingamizi cha omu 2,200. Miguu yake miwili ikiingizwa kwenye matundu ya soketi ya sensa, kompyuta husoma joto la asubuhi ya kawaida. Ufunguo ukifungwa na kufunguliwa tena, feni ikatulia, basi nyaya na kompyuta ni vizima na sensa ndiyo ya kubadilisha. Feni ikiendelea, nyaya zifuatwe kutoka soketi hadi kontroli boksi kabla ya mtu yeyote kutamka kwamba kompyuta imekufa. Kompyuta hufa mara chache sana ikilinganishwa na nyaya zinavyokatika. Kipingamizi hicho ni cha kupimia tu. Kikiachwa ndani, feni haitawaka tena hata injini ikitokota.

Penye mashine ya kupimia, kodi za P0117 na P0118 humaanisha taarifa ya sensa iko chini mno au juu mno, na P0128 husema injini haifikii joto lake, dalili ya themostati iliyobaki wazi au iliyoondolewa. Cha thamani kuliko kodi ni namba ya joto inayoonyeshwa papo kwa papo: alfajiri inapaswa kulingana na hali ya hewa ya nje, na ikisema 110 kabla injini haijawashwa, sensa imejishtaki yenyewe. Toyota za zamani zenye boksi dogo la vipimo ndani ya boneti hazihitaji mashine. Matundu ya TE1 na E1 yakiunganishwa na ufunguo ukafunguliwa, taa ya injini hupepesa kodi, na kupepesa mara mbili, kutulia, kisha mara mbili tena ni namba 22, yaani sensa ya joto la maji. Mshale wa dashibodi si shahidi wa kutosha, kwani magari mengi yana sensa moja ya mshale na nyingine ya kompyuta, na mengine kama Vitz hayana mshale, yana taa ya bluu na nyekundu tu.

Feni iliyosubiri injini ipate moto ndipo ikakataa kuzima hudai uchunguzi wa aina nyingine, kwa kuwa huenda inasema kweli. Kazi huanza kwa kiwango cha maji, injini ikiwa baridi. Maji yakipungua, hewa huingia, na sensa iliyo ndani ya povu la hewa haisomi joto halisi. Kisha rejeta hutazamwa kwa nje. Vumbi la karasha likichanganyika na mafuta, mbegu za nyasi na wadudu wa ziwani huunda blanketi katikati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo jicho halifiki bila kufungua. Husafishwa kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Maji ya presha kubwa ya kuoshea magari hulaza mapezi ya aluminiamu, na rejeta iliyolala mapezi imeziba kuliko yenye vumbi.

Kwa ndani, rejeta huuliwa na maji yasiyofaa. Maji ya kisima yana chumvi zinazoganda kwenye vijia vyembamba, ya ziwani yana tope na mwani, na ya mashimo ya mgodi hayapaswi kuingia kwenye injini kwa hali yoyote. Kulanti iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu huzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Ikikosekana, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni afadhali kuliko ya kisima.

Themostati inastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu imeonewa sana. Injini ya Probox, ya familia ya 1NZ, ina themostati inayoanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikigoma kufunguka, mpira wa juu wa rejeta huwa wa moto mkali na wa chini huwa baridi huku feni ikinguruma bure, ingawa rejeta iliyoziba nayo hutoa dalili kama hiyo. Hupimwa kwenye sufuria: huning'inizwa ndani ya maji yanayopata moto, na kwa kuwa maji ya Buhemba huchemka chini ya nyuzi 96, themostati nzima lazima iwe imefunguka wazi kabla sufuria haijatokota. Desturi ya kuing'oa na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi hii ni ya joto, inaharibu magari. Themostati za Toyota nyingi zina sahani ya pili kwa chini inayofunga njia ya mkato. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari lililong'olewa themostati ili lisichemshe huchemsha likiwa kwenye foleni au mlimani.

Feni yenyewe inaweza kuwa inazunguka kinyume. Mota ikibadilishwa au soketi ikikatwa na kuungwa upya, waya wa pozi na wa eathi zikapishana, mapanga husukuma hewa kwenda mbele, na gari likitembea hewa hiyo hupigana na upepo. Joto halishuki, na feni haipati amri ya kuzima. Karatasi nyepesi iliyowekwa mbele ya matundu ya gari lililosimama huonyesha ukweli: inapaswa kuvutwa ndani na kunata. Kava la plastiki linaloizunguka feni nalo si pambo. Bila kava, feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile iliyopita kwenye rejeta yote.

Hayo yote yakiwa mazima na joto likabaki, hubaki pampu ya maji iliyolika panga, mfuniko wa rejeta uliolegea, au gasketi ya silinda hedi. Mapovu yanayoendelea kutoka kwenye rejeta injini baridi ikiwa imewashwa, au mafuta ya injini yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, huelekeza kwenye gasketi, na hapo gari halipaswi kuendeshwa hadi lifunguliwe.

Hiace za dizeli, Land Cruiser na malori hutumia feni ya mkanda yenye klachi ya mafuta ya silikoni. Hiyo huzunguka kila injini inapozunguka, na kinachotafutwa ni nguvu yake. Injini ikiwa baridi na imezimwa, feni ikisukumwa kwa mkono inapaswa kwenda kwa uzito wa wastani. Ikiwa imekaza kama kipande kimoja na mhimili wake, klachi imeganda, na gari litanguruma, kukosa nguvu na kula dizeli zaidi. Ngurumo ya dakika moja hivi baada ya kuwasha asubuhi ni ya kawaida, mafuta yakiwa bado hayajatawanyika ndani ya klachi.

Kwa feni ya umeme, matengenezo ya aina yoyote kati ya haya huthibitishwa kwa njia moja. Kiyoyozi huzimwa, injini huachwa iungurume gari likiwa limesimama, na feni husikilizwa: iwake, izunguke kwa dakika chache, izime, kisha irudie mzunguko huo mara kadhaa bila mshale kupanda. Baadaye gari hupelekwa mlimani likiwa na mzigo wake wa kawaida. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, maji kwenye chupa ya akiba hukaguliwa kama yamebaki kati ya alama ya juu na ya chini. Yakiwa yameshuka kidogo mara ya kwanza, huenda ni hewa iliyotoka, na huongezwa; yakishuka tena, upo mvujo unaopaswa kutafutwa kabla gari halijarudi barabarani.